Mama, wakikuchagua kwenye halmashauri ya kanisa, usikimbie

SEHEMU YA 1

 

Mliozoea kunisoma hapa mnajua mada zangu: homa ya mtoto, kunyonyesha, uji wa kuanzia miezi sita, chanjo, damu ya mama mjamzito. Leo natoka kidogo nje ya kliniki. Mkinivumilia mpaka sehemu ya mwisho mtaona sikwenda mbali.

Hivi karibuni mama mmoja mdogo wa hapa hapa Bweri alileta mtoto kupima uzito. (Amenipa ruhusa niandike, jina nimeliacha.) Mtoto ana miezi saba, mstari kwenye kadi unapanda vizuri, hana shida. Nikamrudishia kadi yake. Hanyanyuki.

Ukishakuwa nesi kwa miaka unajua: mama akipewa kadi asinyanyuke, kilichomleta bado hajakisema. Nikamuuliza, "Kuna kingine mama?"

Akasema, "Nesi, Jumapili wamenichagua niingie halmashauri ya kanisa. Nataka kukataa. Sasa sijui niwaambieje bila kuwaudhi wazee."

Nikamuuliza kwa nini anataka kukataa. Akanipa sababu nne bila kupumua. Mtoto mdogo. Mume hakuchangamka aliposikia. Elimu yake ni ya kidato cha nne. Na ya nne aliisema kwa sauti ya chini: "Mle ndani wanaongea wababa tu. Mimi nitakaa niwaangalie?"

Najua alitaka nimsaidie kutunga udhuru mzuri. Sikumsaidia. Nilimwambia, "Usikatae kwanza. Nenda nyumbani, nitakuandikia." Foleni ilikuwa ndefu, wamama wengine walishaanza kunitazama vibaya 😅

Kwa hiyo haya ninayoandika ni yake, lakini ni yenu pia. Msimamo wangu nausema mapema: mama mwenye watoto wadogo ni mmoja wa watu wanaohitajika sana kwenye vikao vya kanisa. Na akishaingia, kosa kubwa analoweza kufanya ni kunyamaza.

Nalijua hilo kosa. Nililifanya mimi.

SEHEMU YA 2

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kanisa moja ambalo sitalitaja, wala dhehebu lake. Kanisa hilo lilikuwa na zahanati. Mimi nilikuwa naajiriwa kwingine, ila walinichagua kwa sababu "huyu ni nesi, atatusaidia mambo ya afya".

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilikuwa na ajenda kumi na mbili. Barua ya mhudumu wa zahanati ilikuwa chini kabisa, kwenye Mengineyo. Mnaijua Mengineyo? Ni pale saa moja usiku imefika, watu wameshafunga Biblia, mmoja anatafuta funguo za pikipiki. Barua iliomba vitu viwili: betri mpya ya sola ya chumba cha kujifungulia, na tanki la maji. Betri ya zamani ilikuwa haifiki saa nne usiku.

Mwenyekiti akasema ni jambo zuri, lakini kwa sasa tuna ujenzi wa uzio na tuna mgeni mkubwa anakuja. Katibu akaandika: "Litajadiliwa kikao kijacho."

Kikao kilichofuata likaandikwa hivyo hivyo. Cha tatu pia.

Mimi nilikuwa nimekaa pale vikao vyote vitatu. Katika chumba kile chenye watu wazima kumi na nne, nilikuwa peke yangu niliyewahi kuzalisha mama usiku. Nilijua giza katika chumba cha kujifungulia maana yake nini. Sikusema kitu. Kwa nini? Mwenyekiti alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, na nilikuwa namheshimu kweli. Nilikuwa mdogo kuliko wote. Halafu nilikuwa na mtoto ananyonya nyumbani, maziwa yameshaanza kuvuja, nilichotaka ni kikao kiishe.

Usiku mmoja, kabla ya kikao cha nne, mama alijifungua pale. Mtoto akatoka salama, analia vizuri. Mama akaanza kutokwa damu.

Niwaeleze kidogo kama nesi. Damu ikizidi nusu lita baada ya kujifungua, hiyo ni hatari, na hatua lazima zianze hata kabla ya kufika hapo ikiwa inaonekana inakuja kwa kasi. Mhudumu anatakiwa ajue haraka inatoka wapi: mji wa mimba umelegea? kondo la nyuma limebaki? au kuna mahali pamechanika? Mji wa mimba unaweza kuugusa kwa mkono hata gizani. Pa kuchanika unapaona kwa macho tu, na ili uone unahitaji mwanga. Dada yule wa zamu alikuwa na tochi ya simu, ameiuma kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Maji yalikuwa ndoo moja.

Mama alipona. Walipata gari, akafikishwa hospitali, akaongezewa damu, akalazwa siku nyingi. Namshukuru Mungu kwa yule dada wa zamu. Angekuwa mwingine, sijui.

Miezi miwili baadaye yule mama alinikuta nje ya kanisa na mtoto mgongoni. Akanishika mkono, akasema, "Asante sana, najua mlituombea sana ninyi viongozi."

Mihtasari ile mitatu ilisomwa na kuthibitishwa mbele yangu. Jina langu limo kwenye orodha ya waliohudhuria, na hakuna sentensi hata moja inayoonyesha kwamba nilifungua mdomo. Nilimwambia asante, nikaenda nyumbani. Sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Betri ilinunuliwa kikao cha nne. Nilisimama nikaongea, sauti ikitetemeka. Haikuchukua dakika kumi. Wale wazee hawakuwa wabaya jamani. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona hukutuambia mapema?"

Swali lile bado linaniuma. Walikuwa hawajui. Aliyejua ni mimi, na nilikaa kimya.

SEHEMU YA 3

Sasa wengi wetu tukisikia "halmashauri ya kanisa" tunafikiri ni wazee wanaopanga nani ataongoza ibada na nani atamlaki askofu. Hayo yapo. Lakini angalieni ni mambo gani mengine yanapita kwenye meza ile.

Kanisa kwa mkoa wetu wa Mara si jengo la Jumapili tu. Wamishonari wa Kimenno walifika Shirati mwaka 1934, na huduma ya tiba ikaota mizizi palepale. Leo Hospitali ya Shirati ya Kanisa la Mennonite ni hospitali teule ya halmashauri kule Rorya, na imezalisha bibi zetu, mama zetu na sisi. Wamaryknoll wa Katoliki waliingia Musoma mwaka 1946. Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilianzishwa 1985. Waadventista, AICT, Walutheri, Wapentekoste, wote wana shule, chekechea, zahanati au mashamba mahali fulani kati ya hapa na Serengeti.

Zamani maamuzi makubwa ya huduma hizi yalikuwa yanategemea wamishonari na bodi za kwao. Bodi ya misheni iliyowatuma Wamenno, kwa mfano, ilikuwa Pennsylvania, Marekani. Ilichukua muda mpaka kanisa lijitegemee na mwaka 1967 lipate askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare. Wazee wale walihangaika ili meza ya maamuzi ihamie huku kwetu. Sasa imehama. Iko hapo mtaani kwako, mwendo wa dakika chache kutoka stendi. Halafu tunaitwa tukae, tunasema tuna nguo za kufua.

Kila dhehebu lina utaratibu wake, kwa hiyo uliza wa kwako. Kwa Wakatoliki unaanzia jumuiya ndogondogo, kigango, parokia, kuna Halmashauri ya Walei, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha yenye waamini wa kumsaidia paroko. Kwa Waanglikana kuna halmashauri ya mtaa au parishi, halafu Sinodi ya dayosisi ambayo walei wamo pamoja na makasisi. Kwa Walutheri kuna baraza la wazee la usharika, ngazi za juu mpaka Mkutano Mkuu. Kwa Waadventista kuna baraza la kanisa, na kamati ya uchaguzi inayopendekeza majina. Majina yanatofautiana, ila karibu kote kuna kiti cha mtu wa kawaida asiye mchungaji wala padri.

Juu ya hao wote kuna wadhamini. Ardhi ya kanisa, majengo, magari, mara nyingi vimeandikwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, na usajili wao uko RITA. Huwa nawaambia wamama: RITA unayoijua kwa cheti cha kuzaliwa cha mwanao, hiyo hiyo ndiyo inayosajili wadhamini wa kanisa lako. Kiwanja cha kanisa kikitaka kuuzwa, hao ndio wenye saini.

Na tangu 1992 kuna makubaliano kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Mwaka huo huo Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Ndiyo maana unakuta hospitali ya kanisa ina watumishi wanaolipwa na serikali. Lakini kuta, maji, taa, ulinzi, nani asimamie, hayo yanarudi kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni kanisa, na kanisa linaamua kwa vikao.

Orodhesha sasa mambo ya mama: mwanao anasoma chekechea ya kanisa? Ada inapangwa wapi? Choo cha Sunday school kina mlango? Nani anawafundisha watoto na nani alimchunguza kabla? Zahanati ina maji? Binti wa form two aliyepata mimba anafanywaje, anafukuzwa kwaya au anasaidiwa? Yote hayo yana mahali yanapojadiliwa. Swali ni kama kuna mama mle ndani yanapojadiliwa.

SEHEMU YA 4

Nikupe mfano wa hapa hapa mkoani unaoonyesha kikao cha kanisa kinaweza kufanya nini kikiamua.

Tunajua wote, ikifika Desemba katika mwaka wa ukeketaji, baadhi ya koo kule Tarime na Serengeti mabinti wanaanza kutafuta pa kukimbilia. Sheria ipo tangu 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, kumkeketa binti aliye chini ya miaka kumi na minane ni jinai. Lakini sheria haina kitanda wala haipiki ugali. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Kule Masanga, Tarime, Wakatoliki nao wana kituo kinachopokea mabinti msimu ule. Mabinti walikuja, wengine kwa miguu usiku.

Mimi sikuwa kwenye vikao vyao, sitajifanya najua nani alisema nini. Lakini nimefanya kazi za vikao vya kutosha kujua kitu kama hicho hakitokei kwa maombi peke yake. Lazima mtu aliuliza: hao mabinti watalala wapi? nani atakaa nao? chakula cha wiki tatu ni shilingi ngapi? wazazi wakija na mapanga tutafanyaje? Na mezani wapo waliosema ndiyo, wakajua wanajiingiza kwenye ugomvi na koo zao wenyewe. Nesi kama mimi, niliyeona majeraha yale yakitoka damu na wengine baadaye wakija kujifungua kwa shida kwa sababu ya makovu, siwezi kuziita kazi za halmashauri "mambo ya wazee".

Basi tuje kwenye zile sababu nne za mdogo wangu.

"Wababa tu ndio wanaongea." Ni kweli sehemu nyingi. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuna suala la wanawake kuwekewa mikono kuwa wachungaji au mapadri, na kila dhehebu lina msimamo wake. Katoliki hawafanyi. Waadventista walipiga kura ya dunia San Antonio mwaka 2015, pendekezo la kuruhusu kila eneo lijiamulie likashindwa. Sitaki kuingia humo leo. Ninachosema ni kwamba kiti cha halmashauri ni kitu kingine kabisa. Hata kwenye makanisa yasiyowawekea wanawake mikono, mama anaweza kuwa mjumbe wa baraza, katibu, mhazini. Kwa hiyo mtu asikutishe na mjadala wa madhabahu wakati wewe umeitwa kukaa mezani.

"Nina kidato cha nne." Mama, unapokea shilingi elfu kumi asubuhi unalisha watu sita mpaka usiku, na kesho kuna chenji ya mtoto ya shule. Bajeti unaijua. Kilichobaki ni maneno: mapato, matumizi, salio anzia, salio ishia. Hayo nitakufundisha kwa chai moja.

"Mume hakuchangamka." Usimdharau, na usikae kimya ukanuna. Muulize anaogopa nini. Mara nyingi si wivu. Anaogopa utarudi usiku, au utaingizwa kwenye majungu ya kanisa, au nyumba italala bila mtu. Hizo ni hofu zinazojibika. Kubaliana naye vikao viishe saa ngapi na nani atakufuata. Na ninyi akina baba mnaosoma hapa (najua mpo, mnasoma kwa simu za wake zenu): siku ya kikao, mtoto ni wako. Usiseme "namsaidia mama kulea". Ni mwanao.

"Mtoto mdogo." Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote, na ndiyo siipuuzi. Lakini jamani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku akanyonyeshe. Mwajiri wa kiwanda! Kanisa linaloimba habari za mtoto wa Bethlehemu litashindwa kumpa mama dakika kumi na tano na benchi la pembeni? Omba. Omba kwa mdomo, kikao cha kwanza: "Mwenyekiti, nina mtoto ananyonya, nitakuja naye, akilia nitatoka kidogo nitarudi." Ukishasema mara moja, mama atakayekuja baada yako hatakuwa na haja ya kuomba.

Kingine, ombeni vikao vihame kutoka usiku. Vikao vinaanza saa kumi jioni, saa ambayo mama anawasha moto wa chakula cha usiku, halafu mtu anauliza mbona wamama hawahudhurii!

SEHEMU YA 5

Tuseme umekubali. Utafanyaje kazi? Nakupa taratibu za wodini, maana ndizo ninazozijua, na nimeona zinafaa kwenye kikao kuliko semina nyingi.

Kukabidhiana zamu. Nesi haanzi zamu bila kuuliza wa usiku alichoacha. Kabla ya kikao chako cha kwanza omba mihtasari ya mwaka mzima uliopita na usome. Tafuta maneno "litajadiliwa kikao kijacho". Ukiyaona mara tatu kwa jambo moja, shika kalamu. Hapo kuna mgonjwa amelala hajahudumiwa.

Kisichoandikwa hakikufanyika. Ndivyo tunavyofundishwa chuoni. Umetoa dawa, hukuandika, hukutoa. Kwenye kikao ni vilevile. Ukisema jambo la maana, muulize katibu kwa upole, "Mzee, hilo limeingia?" Na muhtasari uandike nani atafanya na lini. "Tumekubaliana kushughulikia" si uamuzi. "Mhazini atanunua betri kabla ya tarehe 15" huo ni uamuzi.

Kuhesabu gozi. Kwenye upasuaji, kabla ya kumshona mama, gozi zinahesabiwa na watu wawili kwa sauti. Hakuna daktari mwenye akili anayesema "mnanishuku?" Tunahesabu kwa sababu binadamu husahau, na gozi moja ikibaki tumboni inaua. Sadaka nayo ihesabiwe na watu wawili au zaidi, iandikwe pale pale, ipelekwe benki. Na taarifa ya benki ije kwenye kikao, karatasi yenyewe ya benki, siyo kwa maelezo ya mdomo. Ukiuliza hilo wapo watakaosema unamshuku mtumishi wa Mungu. Wajibu kwa heshima: "Hapana baba, tunamlinda. Siku akisingiziwa, karatasi itamtetea."

Ugonjwa wa ndugu yako usiutibu peke yako. Kama mume wako anauza mchanga na kanisa linanunua mchanga, sema mapema na utoke nje wakijadili. Hata kama bei yake ndiyo nzuri kuliko zote. Toka tu.

Siri na kuficha ni vitu viwili. Mle ndani utasikia habari za ndoa za watu, madeni ya watu, binti wa fulani. Hayo yafie mle, usimwambie hata shoga yako wa saluni. Lakini mtoto akiumizwa hiyo siyo siri ya kikao. Mwalimu wa watoto akituhumiwa kumgusa mtoto vibaya, halmashauri haiwezi "kumaliza kifamilia" wala kumhamishia tawi lingine. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Na mtoto aletwe kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zikichelewa zaidi ya hapo hazisaidii. Mjumbe anayejua hayo ndani ya kikao anaweza kuokoa maisha ya mtoto. Basi awe wewe.

La mwisho hapa: usigeuzwe mpishi. Mama akiingia kwenye halmashauri, kikao cha pili tu utasikia, "Mama, tuangalizie chai." Chai si dhambi, nami natengeneza. Lakini angalia chai inaletwa wakati gani. Mimi niligundua nilikuwa natoka kuandaa chai kila tukifika taarifa ya fedha. Ilikuwa bahati mbaya tu, naamini. Nikapendekeza tunywe chai kabla ya kuanza. Wote wakafurahi.

SEHEMU YA 6 (ya mwisho)

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba kila mama lazima akubali kila kiti. Kuna wakati wa kusema hapana, na ni haki yako.

Kama umejifungua juzi, bado unajikusanya, kataa. Mwambie mchungaji au katekista akukumbuke mwaka ujao. Kama una siku unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, huna hamu na mtoto, usije kwenye kikao, njoo kliniki kwanza. Hiyo ni hali inayotibika na si uvivu wala ukosefu wa imani. Kama kuna vurugu nyumbani, kiti cha kanisa hakitakuponya, na wengine hukitumia kukunyamazisha, "wewe ni kiongozi, usiseme mambo ya nyumbani". Na kama umewekwa ili tu waseme "na wamama tunao", umeuliza mara tatu hujibiwi, umeomba hesabu hupewi, andika barua ya kujiuzulu yenye sababu. Usiondoke kimya kimya. Barua itabaki kwenye faili, ipo siku mtu ataisoma.

Lakini kama sababu ni woga tu, mdogo wangu, woga tunao wote. Mimi nilitetemeka siku ile ya betri mpaka nikashika kiti cha mbele.

Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Mwaka 1970 alikwenda New York akawaambia Masista wa Maryknoll wazi wazi kwamba kanisa haliwezi kukaa pembeni watu wakiwa wanaonewa na umaskini, lazima liingie kwenye mapambano yao. Nikisoma habari hizo nafikiri, hilo litaanzia wapi kama si kwenye kikao cha Jumapili mchana, chenye watu kumi na wanne na ajenda kumi na mbili? Dhamiri ya kanisa tunaihubiri madhabahuni. Inapopimwa ni pale mhazini anaposoma matumizi.

Nilimwandikia mama yule karibu haya yote, kwa ufupi. Alinijibu baada ya siku mbili. Kwamba mume amesema atamfuata na pikipiki vikao vikichelewa, ila hajafurahi sana. Kwamba bado anaogopa. Na kwamba kabla ya kujibu ndiyo au hapana, amekwenda kwa katibu akaomba kusoma mihtasari ya mwaka jana.

Katibu alishangaa, akamwuliza ya nini. Akasema, "Nataka kujua nakabidhiwa nini."

Nilicheka peke yangu wodini. Huyu atakuwa sawa, akikubali.

Na ninyi wengine, Jumapili hii mkitoka ibadani, kabla ya kukimbilia chakula cha watoto, fanya kitu kimoja kidogo. Muulize mjumbe yeyote wa halmashauri: jambo gani la watoto wetu limeahirishwa zaidi ya mara moja? Asipojua, mwombe aulize. Akijua, mwambie mtarudi kumuuliza tena mwezi ujao.

Wiki ijayo turudi kwenye mambo yetu: kuhara kwa mtoto msimu huu wa mvua, na lini ORS inatosha, lini unakimbia hospitali. Nawapenda. Nyonyesheni, na muongee.